Tufe la Moto Barazani kwa Bi Tima

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimemchoma moto rafiki yangu Kambi. Si kwa makusudi. Tena nilikuwa naelekea kuwa shujaa.

Niandike kwa utaratibu, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana watu wanne barazani kwa Bi Tima, mtaa wa Barani. Watu wazima wenye mvi. Tunacheza mchezo wa kubuni: kila mtu ana mhusika wake, tunaingia mapangoni, tunapigana na mazimwi, na dadu ndizo zinazoamua nani kapiga na nani kapigwa. Bi Tima, karani mstaafu wa mahakama, ndiye mwamuzi. Neno lake halina rufaa. Kambi, mkulima wa Matsangoni, ni mpiganaji aitwaye Nyundo. Alamin wa duka la dawa ni mwizi wa kufungua makufuli, jambo linalomfaa. Mimi Stambuli, fundi wa vigae, miaka arubaini na tisa, ni mjuzi wa moto. Hatusemi mchawi. Huku kwetu neno hilo si la kuchezea.

Uwanja wetu ni sakafu yenyewe ya baraza. Kigae kimoja ni futi tano za mchezo. Vigae nilivilaza mimi, miaka mitano iliyopita. Nyundo ni nati ya trekta. Mjuzi wangu ni kizibo cha chupa ya marashi. Jemadari wa mazimwi ni kombe kubwa la baharini.

Leo jemadari katokea. Ukimuua unapanda daraja la kumi. Alamin alipanda mwezi uliopita na tangu siku hiyo anakaa kwa kuegemea, kama liwali. Sikuweza kuvumilia. Nikagusa kigae kwa kidole, nikapaza sauti: Tufe la Moto! Linalipuka pale ulipogusa, linaenea futi ishirini. Vigae vinne. Moto ukifika katikati ya kigae, aliyesimama juu yake ameungua. Jemadari alikuwa kigae cha nne, upande wa kusini. Kafa! Nikajipigia makofi.

Alamin hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu upande wa kaskazini. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye cha nne, nati ya trekta.

Duara ni duara. Linakwenda kote. Nilifundishwa darasa la sita.

Nyundo alikuwa amebakiwa na uhai wa kushikia shoka tu. Na kwa sheria ya Bi Tima, aliyekufa amekufa. Unaanza upya na mhusika mwingine daraja la kwanza. Kambi akaitazama nati yake. Akasema, kwa upole ule unaouma, kwamba Nyundo ana miaka minne, na akienda Nyundo basi naye hana la kumtoa Matsangoni tena.

Bi Tima akafunga kitabu cha kanuni. Hukumu Jumamosi ijayo. Mwenye hoja aje na hoja.

Mimi nataka hoja moja ndogo tu: moto uliofika kusini ukachoka kaskazini.

Jumapili, 7 Septemba

Nimesoma kitabu cha kanuni tangu asubuhi. Mke wangu Nahla akauliza kama nina mtihani. Nikamwambia nina kesi ya mauaji. Akasema basi nikienda kizimbani nipite na takataka.

Nimepata! Moto haupenyi kizuizi. Ukuta, nguzo, mlango. Na kati ya mlipuko na Nyundo kulikuwa na birika la kahawa! Birika la shaba, pana, zito, limetulia juu ya kigae chake. Kama hilo si nguzo, nguzo ni nini?

Nikaenda Barani mbio. Shikamoo Bi Tima. Marahaba. Nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ya watu wa mahakamani wanaojua tayari kwamba utafungwa. Kisha akasema kama birika ni nguzo, basi sahani ya mahamri ni mlima, na Alamin ameula mlima nusu mbele ya mashahidi. Akanifungulia ukurasa unaofuata. Moto wa Tufe huzunguka kona. Ukikuta nguzo, huipitia ubavuni ukaendelea na safari.

Kwa nini hawakuandika hilo kwenye ukurasa uleule? Watu wa vitabu wana hila sana.

Takataka nimezisahau. Nahla hajazisahau.

Jumatatu, 8 Septemba

Wazo limenijia nikiwa nimepiga magoti kwenye bafu la mteja Watamu. Akili yangu hufanya kazi vizuri karibu na mabomba.

Kitabu kinasema kitovu cha mlipuko huweza kuwekwa kwenye kona, pale vigae vinne vinapokutana, si lazima katikati ya kigae. Ala! Basi nikisema niligusa kona ya kusini, moto wote unasogea nusu kigae kuelekea kusini. Jemadari ndani. Nyundo nje. Nusu kigae, na watu wote tumerudi nyumbani salama!

Nikampigia Bi Tima simu na mikono ingali na saruji. Nikamwambia nimekumbuka vizuri: niligusa kona. Akaniuliza Jumamosi nilikuwa nakula nini. Bajia. Na nini? Na chatini ya ukwaju. Basi, akasema, alama ya kidole changu ipo, ya ukwaju, katikati kabisa ya kigae. Ameifunika kwa gilasi. Msichana wa kazi ameambiwa asipitishe deki pale. Ushahidi haupigwi deki.

Mwanamke huyu amestaafu miaka minane. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Tima na ndoo, sponji na uso wa mtu mwema. Nikasema nimekuja kusafisha mistari ya vigae, bure, kwa heshima yake. Akanishukuru kwa macho yaliyofinywa. Akaingia jikoni.

Nikainua gilasi. Nikasugua alama mpaka ikapotea. Nikatoa mfukoni kichupa cha chatini, nikachovya kidole, nikagusa kona. Safi kabisa! Nikarudisha gilasi juu ya alama mpya. Nikaanza kupiga mbinja.

Tatizo ni kwamba vigae vile nilivichagua mwenyewe, na nilichagua vya bei ya huruma. Hunyonya. Kilipokauka kigae, alama ya kwanza ikarudi polepole, kama mgeni aliyesahau kofia. Bi Tima alipotoka na chai akakuta alama mbili. Akavaa miwani. Akazitazama moja moja. Akasema inaonekana nilirusha Matufe mawili. Akauliza kama aandike hivyo, Nyundo aungue mara mbili.

Nikamsihi asiandike hivyo.

Lakini nikiwa pale chini, shavu karibu na sakafu kwa aibu, nikaona kitu. Vigae vya kusini si sawa na vya kaskazini. Vya kaskazini ni vikubwa.

Na nikakumbuka kwa nini.

Jumatano, 10 Septemba

Naandika haya na daftari hili nitalificha ndani ya mfuko wa saruji.

Miaka mitano iliyopita, kazi ikiwa nusu, vigae vya Bi Tima viliniishia. Dukani havikuwepo. Nilikuwa na mabaki ya kazi nyingine: rangi ileile, ila vya sentimita thelathini na tatu badala ya thelathini. Nikamalizia navyo. Mistari ikapishana, kaskazini ikaenda zake, kusini zake. Bi Tima akauliza mbona hivi. Nikamwambia ni mtindo wa Kitaliano. Hapa Malindi ukisema hivyo mtu habishi. Wataliano ni wengi na nyumba zao hatuingii zote. Tangu siku hiyo Bi Tima huwaonyesha wageni sakafu yake. Baraza ya Kitaliano. Nusu ya kazi zangu za mtaa ule zimetoka kinywani mwake.

Leo nimepiga hesabu. Kitabu cha kanuni kinaruhusu kupima kwa uzi badala ya kuhesabu vigae. Uzi wa futi ishirini za mchezo ni sentimita mia na ishirini. Kusini unafika katikati ya kigae cha jemadari barabara. Kaskazini, kwa kuwa vigae ni vikubwa, katikati ya kigae cha Nyundo ni sentimita mia na thelathini na ushee. Uzi haufiki! Jemadari kafa, Nyundo mzima, mimi daraja la kumi!

Kinachotakiwa ni nisimame mbele ya Bi Tima nieleze kwa nini vinne vya huku si sawa na vinne vya kule.

Nikamuuliza Nahla, kwa njia ya mfano, mtu fulani akiwa na siri ya kazi, na siri hiyo inaweza kumwokoa rafiki yake, afanye nini. Nahla hakuinua hata macho. Akauliza mtu fulani huyo alilaza vigae kwa nani.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango mpya. Ukweli utoke, ila usitoke kwangu. Utoke kwa Alamin! Alamin hupenda kupima. Hupima dawa, hupima watu, hupima hata kivuli cha duka la jirani.

Nikaenda dukani kwake kununua dawa ya kikohozi nisichokuwa nacho. Nikakohoa. Nikasema kama mtu anayejisemea tu kwamba bahati yangu hakuna atakayethubutu kuipima baraza ile kwa uzi, maana uzi utanimaliza. Nikaondoka polepole ili aniite.

Akaniita. "Fundi!" Hulitamka neno hilo kama anayesoma sumu kwenye lebo. Akasema nina haki, kupima ni lazima, na tena sakafu haitoshi kwa jambo zito kama hili. Mpwa wake ana mashine ya kuchapisha mabango. Atatengeneza mkeka wa plastiki, miraba yote sawa, sentimita thelathini kwa thelathini, haki kwa kila mtu. Tutapanga upya kila kitu juu yake na kupima hapo.

Miraba yote sawa.

Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu, ni raha. Akanipa na kijiko cha kunywea dawa.

Yaani nimekwenda kumtafutia Kambi wakili, nimemletea jeneza. La plastiki.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala nimekwenda Matsangoni kumwona Kambi. Nilinuia kumchangamsha.

Kache, mkewe, alinipokea uani na kikapu cha korosho. Akaniuliza, "Shemeji, ni kweli umemchoma mume wangu?" Nikasema si mume wako, ni Nyundo. Akasema yeye haoni tofauti: Jumapili huamka Nyundo, Jumatatu huamka Nyundo, ni kuanzia Jumanne hivi ndipo Kambi anaporudi.

Kambi alikuwa kivulini na daftari. Anapanga hanga, yaani matanga kwa desturi ya kwao, ya Nyundo. Si mzaha. Ameandika watakaokaribishwa: sisi watatu. Ameandika chakula: sima na kuku. Kisha akanisomea wosia. Shoka la Nyundo apewe Alamin, kwa kuwa ana mikono laini na litamkomaza. Kamba na taa vibaki kwa wasafiri. "Ngao yangu apewe Stambuli, kwa kuwa hajui kujikinga, na mimi sitakuwepo kusimama mbele yake."

Nikaomba maji.

Nikamwambia labda Bi Tima atamwachilia. Akatikisa kichwa. Hakunilaumu hata kidogo, mtu mbaya sana huyu. Akasema tu kwamba hapa nyumbani yeye ni baba, ni mjomba, ni mwenye mikorosho, ni wa kuitwa mbuzi akipotea. Jumamosi ndiyo siku pekee mtu anamwita jina alilojichagulia. Akafunga daftari, akaniuliza kama nitakula.

Nimekula. Kula ndiko kunakonikubali.

Jumamosi, 13 Septemba

Hukumu.

Alamin alikuwa wa kwanza kufika. Kakunjua mkeka wake wa plastiki juu ya baraza. Unang'aa. Pembeni kuna picha ya duka lake na namba ya simu. Akapanga kombe, nati, kizibo changu. Kambi alivaa shati jeupe. Bi Tima akakaa kitini pake, miwani puani, akauliza nani ana hoja kabla uzi haujapita.

Alamin akasema hoja yake iko chini, imechapishwa.

Kambi akasema hana hoja.

Mimi nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu upepo. Upepo wa pangoni, moto kusukumwa kusini, mambo hayo. Nikafungua kinywa. Nikamwona Kambi ameitoa nati kwenye mkeka anaipangusa kwa ncha ya shati, apate kufa akiwa safi.

Nikasema moto haukulipuka kwenye plastiki. Ulilipuka sakafuni. Upimwe sakafuni.

Bi Tima akauliza kuna tofauti gani, vinne ni vinne.

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na bei ya vigae mwaka ule, nikapitia ugonjwa wa punda aliyevuta mkokoteni, ambaye hata hakuwepo, nikafika kwenye thelathini na tatu. Nikasema viliniishia. Nikasema kaskazini yote ni mabaki. Nikasema Wataliano hawahusiki kwa lolote.

Hata paka wa jirani alikaa kusikiliza.

Bi Tima akamwambia Alamin aondoe mkeka wake. Akatoa uzi, akaupima futi kwa futi kwa rula ya mahakama, akaushika kwenye alama ya ukwaju, ile ya kwanza. Kusini: umegusa katikati ya kigae cha jemadari. Akauzungusha kaskazini, polepole. Umeishia mwanzo tu wa kigae cha Nyundo. Upana wa kiganja umebaki kufika katikati.

Akasema, "Nyundo yu hai."

Kambi aliketi chini pale pale, na shati lake jeupe, akacheka hadi machozi. Kisha akanishika shingo, akasema fundi mbovu kuliko wote wa pwani hii kamwokoa.

Nikageuka kwa Bi Tima kuomba msamaha. Akanikata. Akasema alipika miaka kumi katika nyumba ya Mtaliano kabla ya kazi ya mahakama. Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anangoja tu nijisemee mwenyewe; hakufikiri ingechukua miaka mitano na zimwi. Wageni wake wote wanajua. Wakija huwaonyesha sakafu, wanacheka, wanakunywa kahawa. Na kazi zile? Nikauliza. Akasema alikuwa akiwaambia watu: mwiteni, ni mwaminifu wa moyo, ila mhesabie vigae kabla hajaanza.

Kumbe ndiyo maana wateja wote wa Barani huhesabu.

Alamin naye akaanza kujikuna kidevu. Bi Tima alikuwa amekumbuka kwamba mwezi uliopita Alamin alipata daraja la kumi kwa kulikimbia zimwi vigae sita vya kaskazini hadi mlangoni. Vikubwa. Kwa uzi, asingeufikia mlango. Zimwi lilimshika. Karudi daraja la tisa. Alikuwa amekwisha kuegemea. Ikambidi akae wima.

Na mimi, daraja la kumi! Kwa sharti moja: kaskazini yote niing'oe, niilaze upya kabla ya Jumamosi. Vigae vyangu, jasho langu.

Nimekubali. Mtu aliyesema ukweli hujisikia mwepesi sana. Nahla amesema ni kwa sababu sikula mchana.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeng'oa safu tatu. Mgongo si wangu tena. Kambi alikuja kunisaidia kubeba, akaimba kazi nzima. Alamin alipita mara mbili kuangalia kama kuna kigae kikubwa ninachobakiza.

Wakati wa kupumzika nimesoma nguvu mpya ninayopata daraja la kumi. Pumzi ya Barafu! Si duara. Maduara nimeachana nayo, yana tabia mbaya ya kwenda kote. Hii hutoka kinywani mwa mjuzi ikiwa nyembamba, kisha hupanuka kwenda mbele, kama faneli ya kumiminia mafuta. Hugandisha kila kilichomo. Maadui ishirini kwa mkupuo mmoja! Alamin atalia.

Inahitaji tu mtu imara asimame mbele yangu, azuie mazimwi yasinifikie kabla sijavuta pumzi. Nimefikiria sana nani. Na faneli, mtu akisimama karibu kabisa na mdomo wake, pale ilipo nyembamba, itampita tu ubavuni. Hilo haliandikwi popote, lakini linaeleweka.

Nimempigia Kambi simu kumpa habari njema. Akaniuliza kama nimepima.

Nimemwambia asimame tu.